Je, wajua kwa nini Taiwan ina bustani ya sanamu za mtu mmoja?

Kusini-magharibi mwa Taipei, mahali paitwapo Cihu, kuna bustani yenye sanamu zaidi ya 200, karibu zote za Chiang Kai-shek, kiongozi wa China aliyekuja kuwa dikteta wa Taiwan. Huyu amesimama, yule ameketi, mwingine yuko juu ya farasi. Utadhani wameitwa kikaoni na mwenyekiti hajatokea.

Chiang alikimbilia Taiwan mwaka 1949, aliposhindwa na Wakomunisti huko China bara. Kabla hajafika, serikali yake ilikwisha kumwaga damu kisiwani. Februari 1947 maofisa waliokuwa wakisaka sigara za magendo walimpiga mama mchuuzi mjini Taipei. Watu wakacharuka, jeshi likaletwa. Ripoti iliyoagizwa na serikali, ya mwaka 1992, ilikadiria waliouawa kuwa kati ya 18,000 na 28,000. Kisha ukaja utawala wa kijeshi, Mei 1949 hadi Julai 1987, na sanamu zikasimikwa mashuleni na kambini.

Mbona hazikuvunjwavunjwa udikteta ulipokwisha? Kwa sababu haukupinduliwa. Wapinzani walisukuma sana, wengine wakafungwa baada ya maandamano ya mjini Kaohsiung ya 1979, lakini aliyeondoa utawala wa kijeshi ni Chiang Ching-kuo, mtoto wa Chiang mwenyewe. Hata uchaguzi wa 1996, wa kwanza wananchi kumpigia rais kura moja kwa moja, alishinda Lee Teng-hui wa chama kilekile cha akina Chiang, Kuomintang. Mwenye nyumba alifungua mlango, funguo za kabati akabaki nazo.

Na kabatini mlikuwa na mengi. Wafungwa wa kisiasa waliokuwa wakingoja kupigwa risasi waliwaandikia wake na watoto wao barua za kuaga. Hazikutumwa. Zilikaa kwenye majalada zaidi ya nusu karne, hadi serikali ilipoanza kuzirudisha kwa familia mwaka 2011. Sheria ya usalama ya 1987 nayo iliwanyima raia waliohukumiwa na mahakama za kijeshi haki ya kukata rufaa. Lee aliomba radhi 1995, fidia zikalipwa, na tume ya haki ya mpito, yaani ya kushughulikia dhuluma za udikteta, ya 2018 hadi 2022 ikafuta maelfu ya hukumu. Waliozitia saini hukumu hizo hawakupandishwa kizimbani.

Sanamu ziligawa watu vivyo hivyo. Walioshindwa kukubaliana kuziharibu au kuziacha walizipeleka Cihu, jirani na jeneza la Chiang. Moja kubwa kutoka Kaohsiung ilikatwa vipande mwaka 2007. Imeunganishwa tena hapo bustanini, mapengo yakaachwa wazi.