Je wajua? Kiboksi cha herufi unachokiona kwenye simu sio kile unachokigusa

Kwa miaka mingi niliamini kibodi ya simu ni kibodi ya kompyuta iliyochorwa kwenye kioo, basi. Kila herufi ina kiboksi chake, ukigusa ndani ya kiboksi cha i unapata i, ukivuka mstari umeshaingia kwa o. Na ile kazi ya kusahihisha maneno nilijua inafanyika baadaye, ukishamaliza neno ndo simu inarudi nyuma kuangalia umekosea wapi. Watu wameniuliza na nikawajibu hivyohivyo, kumbe sio, na kwa kuwa naona wengi bado tunaamini hivyo nataka niieleze taratibu.

Vile viboksi ni mchoro tu, vimewekwa kwa ajili ya macho yako. Eneo halisi la herufi, lile ambalo simu yenyewe inahesabu kwamba hapa ni i, halionekani na linabadilika kila ukiongeza herufi moja. Linatanuka, linamega eneo la jirani, halafu ukigusa tena linapangwa upya, na kwa macho hakuna kitu kilichosogea.

Angalia i na o, zimekaa jirani. Weka kibodi ya Kiswahili, andika "habar" halafu gusa kwenye mpaka wa i na o, simu itaelemea i. Andika "kesh" gusa palepale, itaelemea o. Kidole kilekile, sehemu ileile, herufi tofauti! Kusahihisha mwisho wa neno kupo kweli, kosa langu lilikuwa kudhani ndo kazi yote. Na kibodi hazifanani, zingine zinaamua herufi kwa herufi, zingine zinavuta subira neno likamilike, nyingi zinachanganya, kwahiyo usishangae simu yako ikikupa jibu tofauti kidogo.

Sasa inajuaje? Mfikirie konda wa daladala ya Posta kwenda Mwenge. Gari limejaa, muziki uko juu, abiria wa siti ya nyuma anasema anashuka "M..." halafu neno linamezwa na spika. Sikio la konda limepata M tu, na inaweza kuwa Morocco, Makumbusho au Mwenge. Lakini konda anajua gari limeshapita Morocco na Makumbusho ndo hiyo inakuja, Mwenge bado mbele, na mtu wa Mwenge kwa kawaida hana haraka ya kusema mapema hivyo. Anagonga bodi, gari linasimama Makumbusho. Hajasikia vizuri zaidi yako, ameunganisha alichosikia na mahali gari lilipo. Simu inafanya hivyohivyo, sikio lake ni nukta uliyogusa, ruti yake ni herufi ulizokwisha kuandika, na kwa kila herufi inazidisha uwezekano unaotokana na nukta na uwezekano unaotokana na ruti, yenye jibu kubwa ndo inatokea kwenye skrini.

Wazo hili ni la zamani kuliko simu nyingi tulizonazo. Mwaka 2002 Joshua Goodman na wenzake wa Microsoft Research walilijaribu kwenye vile vikompyuta vya mkononi vya kugusa kwa kalamu, na makosa yakapungua kwa kati ya mara 1.67 na 1.87. iPhone ya 2007 ikaliingiza mifukoni mwa watu.

Ila konda anaweza kuzidisha ujuaji. Ukisema kwa sauti kubwa kabisa "Mwenge!" na yeye akakushusha Makumbusho kwa sababu wengi hushuka pale, ni ugomvi. Ndo maana mwaka 2010 Gunawardana, Paek na Meek, nao wa Microsoft Research, walipendekeza kwamba katikati ya kila kitufe pasiguswe na hesabu yoyote, ukigusa katikati ya q unapata q hata kama lugha nzima inakataa. Mvutano uwe kwenye mipaka tu. Mimi hapa ndo nawaheshimu sana hawa watu, kwa sababu mashine imepewa akili halafu ikawekewa kikomo ili neno la mwisho libaki la mtu.

Na kidole chenyewe hakigusi tunapodhani kinagusa. Niels Henze na wenzake walitoa mwaka 2011 utafiti wa miguso zaidi ya milioni 120 kutoka kwenye mchezo wa simu, wakaona miguso inaelemea upande mmoja, chini kulia, na programu ikiirudisha kidogo makosa yanapungua. Tukumbuke huo ulikuwa mchezo wa kugusa miduara, sio kuchati, na watafiti hawakuwa wanaona watu wameshikaje simu, lakini miguso ni mingi mno kuipuuza.

Kwetu sisi shida kubwa ni ruti. Mtu anaandika Kiswahili siku nzima kwenye kibodi ya Kiingereza, yaani amempakia konda anayejua Posta–Mwenge kwenye gari la Mbagala. Herufi zake zinavutwa kwenda kwenye maneno ambayo hakuyataka, mimi "wewe" yangu imegeuzwa "were" mara nyingi sana, kwa sababu w na r zimeikumbatia e huku na huku na kwa Kiingereza neno hilo ndo lipo. Gboard, ile kibodi ya Google, ina Kiswahili, unaingia kwenye mipangilio ya lugha unakiongeza, na unaweza kuacha Kiingereza pembeni yake. Kwa majina ya watu na vijiji konda hana ruti kabisa, hapo gusa katikati ya kitufe.