Nta ya Sikio na Safari za Wajapani wa Kale: Kipimo Kinasema Nini

Tangu video za "jua asili yako kwa nta ya sikio" zianze kusambaa, maabara yetu inapokea maombi ya watu wanaotaka kupimwa kabila. Kipimo hicho hakipo. Utafiti unaotajwa kwenye video hizo upo, umefanyika Japani, na unastahili kuelezwa kwa usahihi.

Mwaka 2006 watafiti wa Nagasaki na wenzao walibaini kwamba badiliko moja katika jeni ya ABCC11 ndilo linaloamua nta iwe kavu au ya kunata. Nta kavu humtokea aliyerithi nakala ya badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia. Kaskazini mwa China na Korea karibu kila mtu ana nta kavu. Afrika karibu sote tuna ya kunata. Wajapani wengi wana kavu, lakini ya kunata huongezeka Okinawa, kusini, na kwa Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, kaskazini.

Kwa nini iongezeke kwenye ncha mbili zilizo mbali hivyo? Mwaka 1991 mwanaanthropolojia Hanihara Kazuro alieleza kwamba watu wa Jomon, wawindaji wa kale, walitangulia visiwani, kisha wakulima wa mpunga, Wayayoi, wakaingia kutoka rasi ya Korea kupitia kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu. Damu ya wageni, wanaodhaniwa kuleta nta kavu, ilienea zaidi katikati ya nchi kuliko pembezoni, ambako nta ya kunata ya Wajomon ilibaki zaidi. Ramani ya aina za nta nchini Japani, iliyokamilishwa kwa vinasaba vya kucha za wanafunzi wa sekondari na kuchapishwa mwaka 2009, ilijengwa juu ya hoja hiyo. Jeni ya ALDH2, inayowafanya wengine wawe wekundu usoni kwa pombe kidogo, nayo imetumika vivyo hivyo. Mwaka 2021 vinasaba vya mifupa ya kale viliongeza wimbi la tatu la wahamiaji, la zama za Kofun zilizofuata zile za Wayayoi.

Hizo ni hesabu za jamii nzima. Mtu wa Osaka mwenye nta ya kunata si Mjomon zaidi ya jirani yake, na hili tumelijibu mara nyingi mno. Tena sifa moja inaweza kuenea kwa sababu ya mazingira, si uhamaji. Ndiyo maana watafiti husoma maelfu ya alama za vinasaba kwa pamoja.

Sampuli huanza na ridhaa ya maandishi. Kisha hupewa namba, jina huondolewa, na orodha ya kuunganisha jina na namba hutunzwa mahali tofauti chini ya mtu mwingine. Japani, tangu 2017, taarifa za jenomu ni taarifa binafsi kisheria. Mfanyakazi anayetoa hifadhidata ya taarifa hizo kwa faida isiyo halali anakabiliwa na kifungo hadi mwaka 1 au faini hadi yeni 500,000. Suala la ridhaa nalo lina historia yake. Mifupa ya Waainu ilichukuliwa makaburini bila ridhaa ya jamaa zao na kuwekwa vyuoni kwa miongo mingi, na mingine ilihamishiwa Shiraoi, mji wa Hokkaido, kwa heshima mwaka 2019 tu.

Kwa Tanzania, sheria ya vinasaba vya binadamu ni ya mwaka 2009. Anayehitaji kipimo cha uhusiano wa mzazi na mtoto apitie mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii. Tafadhali msitume nta wala kucha kwa posta, hatuwezi kuzipokea.