Je, wajua kwa nini mbwa mwenye mzio hulamba nyayo hadi manyoya yageuke rangi?

Mtazame mbwa mweupe ambaye manyoya ya vidoleni yamekuwa ya kahawia, kana kwamba yamechovywa kwenye chai. Si matope. Ni mate: yana porfirini, kemikali inayoacha rangi pale anapolamba siku baada ya siku. Na halambi kwa mazoea tu. Nyayo zinamwasha.

Sisi tukiwa na mzio wa vumbi au chavua, hupiga chafya na macho hutoa machozi. Kwa mbwa, mlango mkubwa ni ngozi. Mbwa aliyezaliwa na mwelekeo wa mzio (jamii ya German Shepherd na Labrador huupata sana, mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 3) ana ngozi isiyoziba vizuri. Chavua ya nyasi, kuvu na kinyesi cha utitiri wa vumbi (vidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho) hupenya, hasa penye manyoya haba: katikati ya vidole, kwapani, tumboni, masikioni. Kinga ya mwili hushtuka na kutoa kemikali, mojawapo ikiitwa interlukini-31, ambayo huchokoza neva za mwasho moja kwa moja. Ndiyo maana dawa za mzio za binadamu, ambazo nyingi hulenga kemikali nyingine, mara nyingi hazimtulizi, na zile zilizochanganywa na dawa ya kuzibua pua zinaweza kumdhuru vibaya. Tafadhali usimpe.

Mahali anapoishi pana uzito wake. Utitiri haunywi maji, hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ikikauka nao hukauka ukafa. Sasa fikiria Tanga au Mombasa, ambako hata taulo huchelewa kukauka. Lile blanketi kuukuu analolalia mbwa, lililojaa magamba ya ngozi, ni nyumba na chakula cha utitiri. Masika yakiingia, kuvu huongezeka, na baada ya mvua nyasi huchanua.

Haba na haba hujaza kibaba. Mbwa anaweza kuvumilia vumbi peke yake bila kujikuna sana. Ongeza chavua, ongeza viroboto wawili watatu, na kibaba kinafurika. Kwa hiyo kuua viroboto husaidia hata kama si wao walioanzisha tatizo. Kiroboto jike hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, nayo hudondoka pale mbwa anapolala. Kumtibu mbwa ukaliacha banda ni kutwanga maji kwenye kinu. Akijitafuna zaidi shina la mkia na kiuno, anza kuwashuku viroboto.

Akitoka matembezini, mwoshe nyayo kwa maji safi, kisha umkaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, kwa sababu hamira za ngozi (aina ya kuvu) hupenda unyevu uliojificha. Blanketi lifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Sabuni ya kufulia isimguse, huondoa mafuta machache aliyonayo kwenye ngozi.

Andika pia tarehe mwasho unapoanza na unapopungua. Unaokuja na kuondoka na misimu huelekeza kwenye chavua. Wa mwaka mzima, kwenye utitiri au chakula. Masikio yakianza kunuka au ngozi ikichubuka, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na karatasi hiyo uende nayo.