Nani kawaambia distopia inatetea ubinafsi?

Nimeisoma tena wiki hii: "Riwaya za distopia zinatetea ubinafsi wa Kizungu. Sisi Waafrika ni watu wa jamii, hazituhusu." Distopia ni hadithi ya jamii ya kubuni ambamo utawala umeingia kila pembe ya maisha ya mtu. Kauli hiyo hairudi peke yake, huja na "mtu ni watu" nyuma yake, kisha mjadala unafungwa kana kwamba kadhi ameshahukumu.

Nusu ya kosa ni neno lenyewe. Kwetu ubinafsi ni choyo, ni mtu anayekula kwa kujificha. Mhakiki akiandika "kupotea kwa ubinafsi" kwenye kichwa cha makala, msomaji ana haki ya kusema alhamdulillahi, na upotee tu. Kinachopotea katika riwaya hizi si hicho. Ni upekee, ile hali ya Asha kuwa Asha hata kama mtaani wako Asha kumi.

Nusu ya pili ni kutosoma. Tazama serikali za riwaya hizo zinaanza kuvunja nini. Katika 1984 ya George Orwell (1949), Parsons anakamatwa kwa sababu binti yake wa miaka saba alitega sikio kwenye tundu la ufunguo, akamsikia baba yake akimlaani Kaka Mkubwa, mtawala wao, usingizini, akaenda kuripoti. Baba yuko mahabusu na bado anajivunia malezi yake! Katika Sisi ya Yevgeny Zamyatin, iliyoandikwa 1920 na 1921, kuzaa kuna kipimo: O-90 amepungukiwa sentimita 10 za urefu, basi haruhusiwi kuwa mama. Kwa Aldous Huxley, katika Brave New World (1932), neno "mama" lenyewe ni tusi. Hapo kilichopigwa kwanza ni ukoo, malezi, unyumba. Ni jamii. Mtu mpweke ndiye anayebaki baada ya kazi hiyo, naye hutawalika kwa urahisi kwa sababu hana shangazi wa kumnong'oneza jambo.

Mtego hasa uko kwa Huxley, na hapo ndipo wenzetu wa "mtu ni watu" wanapoanguka. Raia wake wanafundishwa wakiwa usingizini kwamba kila mtu ni wa kila mtu. Mara 100, usiku tatu kwa wiki, miaka 4. Piga hesabu: marudio 62,400. Msomaji mwenye haraka anaweza kudhani huo ni ujirani mwema. Soma mbele kidogo: Lenina anakaripiwa na rafiki yake kwa sababu ametoka na mwanamume mmoja tu kwa miezi minne. Kuwa wa kila mtu kule maana yake ni kutokuwa na mtu wako. "Mtu ni watu" inahitaji watu wenye majina, madeni na ugomvi wa miaka: huyu ni mjomba, yule nilimkopesha baiskeli hajairudisha. Ukimfanya kila mmoja awe sawa kwa kila mmoja, mjomba amekufa.

Kamera nitazipitia haraka maana zinanichosha. Miswada mingi ya distopia inafungua na kamera, sare na namba kifuani, mwandishi akidhani kazi imekwisha. Kwa Orwell wale makabwela ni asilimia 85 ya watu na wengi wao hawana hata hiyo runinga inayotazama. Chama kinawadharau kiasi cha kuwawekea majasusi wachache tu. Kwa Zamyatin kuta ni za kioo, lakini kinachouma ni ratiba: saa mbili tu kwa siku ni za mtu mwenyewe, kuanzia 16 hadi 17 na 21 hadi 22. Ukitaka msomaji wa Tanzania aogope, acha droni. Mpe balozi wa nyumba kumi mwenye daftari la wageni waliolala. Jirani hahitaji umeme.

Halafu kuna wanaoita kila hadithi ya mtawala mbaya distopia. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ina dhuluma tele, lakini Karama anashitakiwa na bado anaachiwa asimulie habari za wajumbe sita waliofungwa kabla yake. Baraza linamsikiliza. Mfumo unaofuta mtu haumpi nafasi ya kusimulia, na akipewa anasoma alichoandikiwa. Ni riwaya ya uonevu, na kubwa, ila swali lake ni jingine.

Majina yanahitaji utulivu zaidi. Margaret Atwood, katika The Handmaid's Tale (1985), anamwita mhusika wake Offred, yaani wa Fred, bwana wa nyumba aliyopangiwa. Msomaji wetu hashtuki, na simlaumu. Mama Juma anaitwa kwa jina la mwanawe na ni heshima. Tofauti ni kwamba Mama Juma hawezi kuondolewa asubuhi, jioni akaja mwingine akasema "mimi ndiye Mama Juma." Ofglen, mwenzake Offred wa kwenda sokoni, anaondoka hivyo hivyo. Anakuja mwanamke mwingine, naye ni Ofglen. Jina lile ni la kiti, si la aliyekikalia. Anayeleta hilo kwa Kiswahili na kuishia kwenye "wa Fred" ameacha uchungu wote njiani.

Sasa sarufi, ambayo karibu hakuna anayeigusa. Waandishi wetu wanaiga Kiingereza na kupiga marufuku neno "mimi". Haisaidii kitu. "Nimechoka" haina "mimi" na mtu yumo mzima, kwenye ni-. Silaha yetu ni upatanisho wa ngeli. Zamyatin anawaita watu namba, na msimulizi wake ni D-503. Kwa Kiswahili andika: "D-503 imeamka, imevaa, imekwenda kazini." Mbuzi ameamka. Hata nzi ametua, kwa a-. Aliyepewa i- ameshushwa chini ya nzi bila mwandishi kueleza chochote. Lakini sina hakika inadumu. Msomaji huzoea, na yawezekana kufika sura ya tatu i- haimuumi tena. Huenda hayo ndiyo mafanikio yake, huenda ni kitabu kinachochosha. Sijui.

Lugha ya serikali ya Orwell, iliyopunguzwa maneno makusudi, ndiyo ngumu zaidi kuileta kwa Kiswahili. Kwake "baya" linafutwa, inabaki "si zuri". Sisi husema "si nzuri" kila siku, chai ikipoa. Tafsiri ya moja kwa moja haimnyang'anyi msomaji chochote. Ningekata kwingine: kiambishi -an- cha kutendana. Hakuna tena "tunapendana", "tunasaidiana", "tunajuana", "tumeambiana". Zinabaki kauli za kutendwa na kutendeka: unapendwa, unasaidiwa, unajulikana. Kila tendo linashuka kutoka juu, hakuna linalopita kati ya wawili.

Ila hata "unajulikana" hiyo ina -an- ndani yake, ingawa hakuna anayejulikana na mwenzake. Pamoja nayo kuna vitenzi "onekana", "patikana" na "fanana", na serikali inavihitaji kwa matangazo yake. Kuna pia "gombana" na "shindana", ambavyo huenda ingevipenda. Kufuta kiambishi kizima ni rahisi kutamka, ni vigumu kuandika. Mwandishi aamue kitenzi kwa kitenzi, kwenye karatasi ya pembeni, kabla ya sura ya kwanza. Akiamua katikati, mhusika wa sura ya pili atakuwa ameshasema "tuonane kesho", na mhariri akipitiwa, sheria yote imevuja.