Maneno yanayofanana si lazima yawe ndugu

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, mzee mmoja aliyekuwa baharia alinipa somo la lugha ambalo sijalimaliza hadi leo. Alikuwa amefika Madagaska mara nyingi. Aliweka chini kikombe chake cha kahawa akaniambia: "Wale ni jamaa zetu, mwanangu. Sisi twasema mato, wao wasema maso. Sisi twasema ng'ombe, wao wasema omby. Sisi mbwa, wao amboa. Wataka ushahidi gani tena?"

Mato, kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, ni macho. Nilinyamaza kwa heshima, na pia kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Katika mifano yake mitatu, miwili ni ya kweli na mmoja ni bahati tu. Kujua upi ni upi kunahitaji kwanza tuielewe dhana yenyewe.

Dhana ni hii. Umbo moja la neno, yaani sauti zilezile kwa mpangilio uleule, laweza kupatikana katika lugha mbili zisizo na nasaba yoyote, wala moja haikuazima kwa nyingine. Mara nyingi umbo hilo hubeba maana zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Mara chache hubeba maana zinazokaribiana, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Chukua saba. Kwetu ni hesabu, tuliyoipata kwa Waarabu. Kwa Kijapani, saba ni samaki wa jamii ya kibua. Kasa tunamjua sote tulio pwani, yule anayepanda ufukweni usiku kutaga mayai. Mjapani akisema kasa anataka mwavuli, na Mhispania akilitamka anataja nyumba. Sana yetu ya "asante sana", kwa Kifini, ni "neno". Kata, ambayo kwetu ni kazi ya kisu, kwa Kimalei pia ni "neno". Leo ya Kilatini ni simba, na ndilo jina alilolichukua Papa aliyechaguliwa Mei 2025. Na muuza samaki wa hapa mjini akisikia "papa" atauliza kama ni mbichi au mkavu.

Katika jozi hizi, hakuna neno lililosafiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Ni sauti zilizogongana njiani.

Aliyesoma Kiswahili shuleni ameikariri sababu bila kujua kwamba ameikariri: lugha ni mfumo wa sauti za nasibu. Nasibu maana yake hakuna kinachomfunga mnyama yule mwenye makucha na masharubu kwenye sauti p-a-k-a. Tumekubaliana tu. Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 akiwa ameshafariki, aliifanya hoja hii kuwa nguzo ya isimu ya kisasa. Kama sauti haifungwi na maana, basi jamii nyingine, upande mwingine wa dunia, iko huru kabisa kuichukua sauti hiyohiyo na kuipa kazi yake.

Lakini kwa nini migongano iwe mingi hivi? Piga hesabu. Chukua konsonanti kumi tu na irabu zetu tano. Unapata silabi 50. Unganisha silabi mbili mbili, unapata maumbo 2,500, basi. Kila lugha ina maelfu ya mambo ya kutaja, na maneno mafupi ndiyo yanayopendwa na ulimi. Kiswahili na Kijapani, kila kimoja kina irabu tano na hupendelea silabi iishiayo kwa irabu. Kihawai kina konsonanti nane pekee. Duniani kuna lugha zipatazo 7,000. Kwa hali hiyo, ajabu ingekuwa maneno yasigongane.

Migongano hutokea hata ndani ya nyumba moja. Meza ya kulia ilitoka kwa Wareno. Meza ya kumeza dawa ni ya Kibantu. Mbili hizi hazijuani, zimekutana Kiswahili. Hapo shuleni huitwa vitawe, ingawa mimi hupenda kutofautisha: mbuzi wa nyama na mbuzi wa kukunia nazi ni neno moja lililopanuka, ilhali meza mbili ni maneno mawili yenye sura moja. Na mgeni anayeona "kuku paka" kwenye orodha ya chakula hotelini asitishike, wala asikimbilie Kihindi ambako pakana ni kupika. Sisi tuna kuku wa kupaka na samaki wa kupaka, na kinachopakwa ni tui la nazi.

Maneno ya jamaa yana tabia yake na yanahitaji tahadhari ya pekee. Katika familia za Kigujarati za mji huu, mtoto akisema "mama" huenda anamwita kaka wa mama yake, mwanamume mwenye ndevu, yule sisi tunayemwita mjomba. Na "dada" kwao ni babu, baba mzaa baba. Kule Georgia, katika milima ya Kaukasi, mama ni baba mzazi. Mzazi wa kike huitwa deda. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza kwamba sauti kama ma, ba, pa na da ni miongoni mwa zile ambazo kinywa cha mtoto mchanga huziweza mapema. Mtoto hubwabwaja, wazazi huzipokea sauti zile kana kwamba wao ndio wanaoitwa, kila jamii ikazigawa kwa namna yake. Kwa hiyo "mama" kufanana duniani kote si bahati kamili, wala si undugu. Ni kinywa cha binadamu. Ndiyo maana mtu akitaka kunithibitishia nasaba ya lugha mbili kwa neno mama au baba, humwomba alete neno jingine.

Sasa tatizo letu sisi watu wa Mombasa ni kwamba tumezaliwa bandarini. Maneno kweli yameshuka hapa kwa majahazi na merikebu. Wareno, walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walikuwa na igreja, yaani kanisa. Kwetu likawa gereza: likahama kutoka kanisa likawa jina la boma, kutoka boma likawa jela. Ngome yenyewe nayo iligeuzwa jela na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Hapo maana zimeachana mbali, kanisa na jela, na bado maneno ni ya damu moja. Mtu aliyezoea historia ya namna hii akisikia sauti mbili zikifanana humwona nahodha katikati yake hata pasipokuwa na chombo.

Kwa hiyo sauti kufanana haitoshi, na maana kufanana haitoshi. Swali langu siku hizi ni: neno hili limeundwaje ndani, na lilipita wapi?

Tulirudishe swali hilo kwa mzee wangu. Mato yetu ya Kimvita, ambayo kwa Kiswahili sanifu ni macho, umoja wake ni ito, au jicho. Ile ma- ya mwanzo ni ya wingi, kama katika jino na meno, jiwe na mawe. Wagiriama, majirani zetu, husema dzitso na matso. Panda bara: Wakamba wana itho na metho, Wakikuyu riitho na maitho, Waganda eriiso na amaaso. Neno limeenea bara mbali na bahari, likibadilika sauti kwa utaratibu unaoweza kufuatwa, na kila mahali ma- hutoka pale jicho linapokuwa moja.

Nenda upande wa pili. Kimalagasi si lugha ya Kibantu. Mwaka 1951 Otto Christian Dahl alionyesha kwamba ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Kimalei, cha ukoo huohuo, husema mata. Kihawai husema maka. Kimalagasi husema maso, na hulitamka kama "masu". Jicho moja ni maso, mawili ni maso. Ma yao haitoki, kwa sababu si kiambishi, ni mwili wa neno. Hata jua huliita masoandro, jicho la mchana, na Wamalei vilevile matahari, jicho la siku. Ukiondoa ma- kwenye mato, jicho linabaki. Ukiiondoa kwenye mata, hakibaki kitu.

Nakiri mfano huu unashawishi kuliko yote ninayoijua, kwa kuwa maana ni moja na bahari ni moja. Ungekuwa hatari zaidi kama hatungejua kwamba mambo haya hutokea hata pasipo bahari ya kusingizia: Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa kaskazini mwa Queensland, Australia, ilikuwa na neno la mbwa lililosikika karibu sawasawa na dog ya Kiingereza, na halikutoka kwa Waingereza.

Ama omby na amboa, hapo mzee alisema kweli. Wamalei humwita mbwa anjing na ng'ombe lembu au sapi; hakuna kinachokaribia omby. Ng'ombe, kwa upande wetu, huitwa hivyohivyo na Wakikuyu na Wakamba, na Wazulu humwita inkomo. Wamalagasi waliyapokea majina hayo ya mifugo kutoka lugha za Kibantu za upande huu wa bahari, na kwenye ng'ombe ulimi wao ukaiacha ng' ya mwanzo na kuibadilisha irabu ya mwisho.

Kuku mzee hakumtaja. Kwa Kimalagasi anaitwa akoho, na huyo naye alivuka kutoka huku.