Filamu ya maafa ni ipi hasa?

Filamu ya maafa ni ile ambayo adui wake hana nia. Moto, tetemeko la ardhi, wimbi, volkano, kirusi: hakuna kati ya hivyo kinachomchukia mtu, hakuna kinachotaka fedha zake, hakuna kinachosikia kikiombwa. Waliomo kwenye hadithi hawawezi kushinda. Wanachoweza ni kutoka hai, na mara nyingi wanaotoka ni wachache.

Naanza na adui kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu huitambua filamu hii kwa uharibifu. Daraja likikatika na ghorofa likiporomoka, tunasema hiyo ni ya maafa. Kwa kipimo hicho karibu kila filamu kubwa ya mapigano ingeingia, maana siku hizi hata wawili wakigombana lazima mtaa mzima ubomoke. Kilichobomoka hakitoshi kukuambia unatazama filamu ya aina gani. Uliza kilichobomoa.

Chukua ghorofa refu. Mwaka 1974 Hollywood ilitoa “The Towering Inferno”, hadithi ya jengo la ghorofa 138 jijini San Francisco linalozinduliwa kwa sherehe usiku uleule ambao hitilafu ya umeme inawasha moto katika ghorofa ya 81. Wageni wako juu, moto uko chini yao, na ngazi za zimamoto hazifiki. Paul Newman ndiye msanifu aliyelichora jengo, Steve McQueen ndiye mkuu wa kikosi cha zimamoto, na kwa karibu saa tatu kazi yao kubwa ni moja: kutafuta namna ya kuwashusha watu.

Mwandishi wa riwaya Roderick Thorp aliitazama filamu hiyo, akalala, akaota mtu anakimbizwa ndani ya jengo na watu wenye bunduki. Ndoto ikawa riwaya mwaka 1979, na riwaya ikawa “Die Hard” mwaka 1988. Jengo ni refu vilevile, watu wamenaswa juu vilevile, na sherehe ipo, safari hii ya Krismasi. Lakini hii ni filamu ya mapigano kabisa, kwa sababu moto umeondolewa na mahali pake amewekwa Hans Gruber. Gruber ana suti nzuri, ana mpango, na anataka hati za mamilioni ya dola zilizofungiwa ndani ya kasha la chuma. Mtu mwenye anachokitaka unaweza kumdanganya, kumkejeli kwenye redio ya upepo, kumchelewesha, na mwisho kumdondosha dirishani. Moto wa McQueen haudanganyiki.

Sasa hamia Barcelona. “REC”, filamu ya Hispania ya mwaka 2007, nayo ni ya jengo, na zimamoto nao wamo. Mtangazaji wa televisheni anafuatana nao kazini usiku, wanaitwa kumsaidia bibi mmoja kwenye nyumba ya kupanga, na mara mamlaka zinalifunga jengo kwa nje huku waliomo ndani wakianza kung’atana. Hapo tumeshaingia kwenye filamu ya kutisha. Adui huyu anakuja kwako wewe, kwa hiyo si kama moto. Lakini hujui anaongozwa na nini wala anataka nini hasa, kwa hiyo si kama Gruber. Ukifika chumba cha juu kabisa na kupata maelezo, maelezo yenyewe yanakuzidishia hofu. Filamu ya kutisha ikishaeleza kila kitu hadi ukaelewa, imekwisha. Ndiyo maana sehemu ya pili na ya tatu ya nyingi kati ya hizo unaweza kuitazama usiku peke yako, na taa umezima.

Waliokulia kwenye vibanda umiza, zile kumbi za video za mtaani, wanaijua kanuni: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Risasi zinampita pembeni, anaanguka mtoni, na DJ anayetafsiri anakutoa wasiwasi mapema kwamba jamaa atarudi. Kanuni hiyo ni ya filamu za mapigano. Kwenye maafa haina nguvu. Katika “The Poseidon Adventure” ya 1972, wimbi linaipindua meli ya abiria usiku wa kuamkia mwaka mpya, na walionusurika wanapanda kuelekea kwenye kitako cha meli, ambacho sasa ndicho kilele. Anayewaongoza ni mchungaji, ameigizwa na Gene Hackman. Anawafikisha hatua chache kutoka kwenye usalama, anaufunga mvuke uliowazibia njia huku akining’inia juu ya maji, kisha anaachia na kutumbukia. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa “Earthquake”, Charlton Heston anasombwa kwenye mfereji wa chini ya ardhi akimfuata mke ambaye ndoa yao ilikuwa imeshakufa zamani. Mtazamaji wa filamu za ngumi huondoka hapo akihisi ameibiwa. Mimi nadhani ni hapo filamu ya maafa inaposema kweli: maji hayasomi majina kwenye bango.

Hiyo pia ndiyo sababu filamu hizi hujaza nyota wengi. Filamu ya mapigano inamhitaji mmoja. Hii inawahitaji kumi, ili usijue nani atabaki: tajiri, mzee na mkewe, mtoto mjuaji, padri mwenye mashaka, mwanamke anayetoroka jambo fulani. Ni kama kupanda basi la mkoani na kuanza kuwaangalia abiria wenzako mmojammoja. Ustadi wa mwongozaji hupimwa katika nusu saa ile ya kwanza ambayo hakuna kinachotokea. Akikupa sura tu bila watu, baadaye utawahesabu wakianguka bila kushtuka.

Nimesema adui hana nia. Lakini filamu nzuri ya maafa ina mkosaji, na mkosaji ni binadamu. Moto wa “The Towering Inferno” hauanzi kwa bahati mbaya: mkwe wa mwenye mradi amebana matumizi kwenye nyaya za umeme. Kwenye “The Poseidon Adventure” mwakilishi wa wenye meli anamshinikiza nahodha aongeze mwendo wakati meli haina uzito wa kutosha chini wa kuituliza. Karibu kila mara kuna mtu aliyeonya akapuuzwa, na mwingine aliyeona onyo litaharibu biashara. Watungaji hawakulazimika kulibuni hilo. Titanic yenyewe, meli ya kweli ya mwaka 1912, ilikuwa na mashua 20 zenye nafasi 1,178 huku ikiwa imebeba watu wapatao 2,200. Na kwetu, yeyote anayeikumbuka MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, hahitaji filamu ya kumweleza kwamba ziwa lilisaidiwa.

Enzi kubwa ya filamu hizi ilikuwa miaka ya 1970, na mzalishaji aliyejulikana kuliko wote ni Irwin Allen, mwenye meli iliyopinduka na jengo lililoungua. Kumbi zilizoonyesha “Earthquake” zilifungiwa spika za sauti nzito mno hadi mtu akahisi mtikisiko mwilini. Kisha mwaka 1980 ikaja “Airplane!”, kichekesho kilichozikejeli zote, na miongoni mwa waigizaji wake alikuwa Leslie Nielsen, nahodha yuleyule wa “The Poseidon Adventure”. Baada ya hapo ikawa vigumu kumwonyesha rubani anayetokwa jasho bila ukumbi kuangua kicheko.

Zilirudi kompyuta zilipoweza kuchora maji na vumbi: “Twister” mwaka 1996, filamu mbili za volkano mwaka 1997, mbili za mawe ya angani mwaka 1998. Kutoka hapo ukubwa ukapanda bila breki, na kwa maoni yangu ladha ikashuka kwa kiasi hichohicho. Katika “2012”, iliyotoka mwaka 2009, Los Angeles inatumbukia baharini huku familia moja ikiikimbia kwa gari refu la kifahari. Mamilioni wanakufa nyuma ya kioo cha gari na sisi tunatakiwa kufurahia udereva. Naikumbuka kwa jambo moja la pembeni: mwisho wake Afrika ndiyo inayobaki juu ya maji, na milima ya Drakensberg ndiyo paa jipya la dunia. Kwa Hollywood, si haba.

Filamu ya utendi, yaani zile ndefu za mashujaa na zama zao, mara nyingi huwekwa kapu moja na hizi kwa kuwa nazo zina umati na gharama. Lakini utendi hauingii ndani ya jengo. Unahitaji nchi na miaka, na kwa kawaida humfuata mtu mmoja hadi maisha yake yawe historia ya watu wengi, kama tendi zetu zinavyomfuata Fumo Liyongo kutoka ushujaa hadi usaliti. “Gandhi” ya mwaka 1982 inaanzia kwenye kifo cha 1948, inarudi hadi kijana anayetupwa nje ya treni Afrika Kusini mwaka 1893, kisha inatembea naye hadi kule ilikoanzia. Tukio la mazishi lilikusanya watu wapatao 300,000, na kila mmoja anasaidia kusema jambo moja: huyu alikuwa wa wote. Umati wa filamu ya maafa husema kinyume, kwamba hakuna aliye maalumu.

Ndiyo maana “Titanic” ya 1997 inawagombanisha watu hadi leo. Wengine wanaiita ya mapenzi, wengine utendi, kwa urefu wake na Oscar zake 11. Mimi ninaiweka kwenye maafa bila kusita. Mlima wa barafu unagongwa wakati karibu nusu ya filamu imeshapita, na muda wote kabla ya hapo ni ile nusu saa ya kwanza ya Irwin Allen iliyorefushwa: tunajulishwa abiria, tunaona nani yuko daraja gani, tunamwona mkuu wa kampuni ya meli akitaka mwendo zaidi. Na steringi anakufa.

“Jaws” ya 1975 ni ngumu zaidi. Ina meya anayekataa kufunga ufukwe msimu wa watalii, kwa hiyo ina mkosaji wa maafa. Lakini papa wa mashine waliyemtengeneza aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, Steven Spielberg akalazimika kumficha, na papa asiyeonekana akageuka kuwa kitu chenye nia. Filamu ikawa ya kutisha. Ubovu wa mashine uliisaidia kuliko fundi yeyote ambaye angeirekebisha.

Kwa upande wa pili iko “Contagion” ya 2011, ambayo haiangushi hata ukuta mmoja. Ni kirusi, vishikio vya milango, bakuli la karanga kwenye baa, na maofisa wanaobishana nani apewe chanjo kwanza. Mwanzoni mwa 2020 watu wengi duniani waliitafuta upya. Gwyneth Paltrow, jina kubwa kabisa, anafariki filamu ikiwa bado changa. Hiyo ni filamu ya maafa iliyo safi kuliko nyingi zenye matetemeko.

Mojawapo ya hizo za matetemeko ni “San Andreas” ya 2015. California inapasuka, na Dwayne Johnson ni rubani wa helikopta ya uokoaji wa kikosi cha zimamoto. Anaichukua helikopta hiyo akamtoe mkewe waliyetengana, kisha wanasafiri pamoja hadi San Francisco kumtafuta binti yao. Ardhi inapasuka nyuma yake kwa adabu, kila mara hatua moja akiwa ameshapita. Hiyo ni filamu ya mapigano ambayo Gruber wake ni udongo. Filamu ya maafa ingemuuliza kuhusu watu wote aliowapita chini wakati rubani wao anakwenda kwake. Hii haimuulizi.