Faili umelisimba sasa hivi, nywila inakataa: maana yake nini?

Kusimba faili ni kuyavuruga yaliyomo kwa hesabu isiyorudishika bila ufunguo, na ufunguo huo huzaliwa na nywila yako. Kwa faili la 7z, yaani lililobanwa na programu ya 7-Zip, programu hiyo huipitisha nywila kwenye SHA-256, hesabu ya kuchanganya data, mara 524,288 hadi ipate ufunguo wa biti 256 wa AES, mbinu ya kusimba. Nywila yenyewe haihifadhiwi popote, hivyo hakuna fundi wa kuifufua. Herufi moja ikibadilika, ufunguo ni mwingine kabisa.

Chukua karani wa ofisi ya utalii Arusha anayefunga nakala za pasi za wageni azitume hotelini Moshi. Anajaribu kufungua, inakataa. Faili lilifungwa kwa vitufe alivyobonyeza kweli, na vile vidoti vinavyoonekana badala ya herufi vimevificha.

Anza na kibodi. Windows ikiwa kwenye mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa @. Kwenye wa Uingereza hutoa alama ya kunukuu. Shift na 3 hutoa # huku, £ kule. Laptopu za mitumba kutoka Uingereza husumbua sana hapa, maana kilichochorwa kwenye kitufe kinaweza kisiwe kinachoandikwa. Tazama karibu na saa: ENG US au ENG UK? Kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi hubadilisha mpangilio, hata kwa bahati mbaya. Halafu kagua Caps Lock, na ile nafasi inayonaswa mwishoni unapokopi nywila kutoka WhatsApp. Simu nazo hupenda kuikuza herufi ya kwanza zenyewe.

Andika nywila kwenye Notepad uione kwa macho. Unaposimba upya, weka tiki kwenye kisanduku cha 7-Zip cha kuonyesha nywila.

Kwako ikifunguka ila Moshi ikakataa, kagua aina ya faili. Zip yenye AES-256 haifunguki kwa kifungulio cha Windows 10 chenyewe, hata nywila ikiwa sahihi. Mpokeaji naye aweke 7-Zip. Zip yenye ZipCrypto, mbinu ya zamani ya kusimba, hufunguka kwa kifungulio hicho, lakini ni dhaifu mno kwa pasi za watu.

Excel ina nywila mbili: ya kufungua na ya kurekebisha. Hiyo ya pili haisimbi chochote.

Usifute faili la awali mpaka nakala iliyosimbwa ifunguke kwenye kompyuta nyingine.